Naomba ushauri: meno mawili ya mtoto yameota yakiwa yameungana

Habari zenu wadau. Binti yangu ana miaka 4. Meno yake mawili ya mbele, chini kushoto, yameota yakiwa yameshikana. Ukitazama haraka utadhani ni jino moja pana lenye mfereji katikati. Meno ya utoto huwa 20, yeye ukihesabu unapata 19, ndiyo maana daktari wa meno anasema ni mawili yaliyoungana tangu yakiwa ndani ya ufizi. Hayamuumi na anatafuna vizuri.

Kuna ndugu wanataka ling'olewe kwa sababu ya sura tu. Hilo silikubali.

Kinachonisumbua ni ule mfereji: unashika mabaki ya chakula na naona weusi umeanza. Aliyewahi kumzibia mtoto sehemu kama hiyo, ilidumu?

Halafu nimeambiwa kwamba wakati mwingine chini ya meno ya aina hii jino moja la ukubwani huwa halipo kabisa. Daktari anashauri eksirei ingoje hadi akaribie miaka 6. Mliopitia hili, mlisubiri? Na lilidondoka lenyewe au lilibidi kung'olewa?