Barabara ya Mazrui: Mazrui yupi?

Mwana wa Kibokoni: Nyerere ana barabara Mombasa, Nkrumah ana yake, tena hiyo ya Nkrumah yaelekea Ngomeni (Fort Jesus), hatua chache na makaburi ya ukoo wa Mazrui alipozikwa Profesa Ali Mazrui, mwanazuoni wa siasa, 2014. Na ndiye aliyemkosoa Nkrumah waziwazi 1966! Kaunti impe naye barabara, iitwe Mazrui basi. Mwaonaje?

Maalim wa Majengo: Mazrui yupi? Babake profesa, Sheikh Al-Amin, alikuwa Kadhi Mkuu, na 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Alamin Mazrui, mwanaisimu na mshairi, aliwekwa kizuizini 1982. Mbaruk bin Rashid, wa ukoo huohuo, alipigana na Waingereza 1895. Andikeni jina kamili. Na profesa mwenyewe maisha yake yalikuwa Marekani, huku alirudi kuzikwa.

Binti Mvita: Maalim, hapo umenichoma. Ndugu zangu wako Ghuba, na karo za watoto wa nyumba nzima zatoka kwao. Nao watarudi kuzikwa tu? Profesa alikuwa Makerere, akaondoka zama za Idi Amin. Mlitaka angoje nini?

Mtu wa Likoni: Dada, nduguzo hawakutajwa. Lakini Amin alitawala Uganda. Mombasa ilikuwapo.

Binti Mvita: Alipoitwa awe chansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, hakuja?

Mtu wa Likoni: Chansela huja siku ya mahafali, akapanda ndege akaenda zake.

Binti Mvita: Wewe wafikiri kila anayepanda ndege anakimbia kwao. Muulize mamangu simu ya Ijumaa ikichelewa huwa hali gani.

Mdigo wa Ng'ombeni: Nyinyi bishaneni ndege. Mazrui walitawala mji huu mpaka 1837, na mashamba ya ukoo huo, Takaungu na Gasi, yalilimwa na watumwa. Mwanangu apite asome jina la ukoo tu, adhani watukuzwa wote? Profesa namheshimu, ndiyo maana nataka aandikwe yeye.

Mwana wa Kibokoni: Profesa huyo, OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilimweka 1992 kwenye jopo la kudai fidia ya utumwa.

Mdigo wa Ng'ombeni: Fidia ile walidaiwa Wazungu. Ya Takaungu adaiwe nani?

Maalim wa Majengo: Hilo ni zito, ndugu yangu, wala si la kibao cha barabara.

Binti Mvita: Maalim, mimi bado hujanijibu. Aliyetoka kwenda kutafuta si mtu wa Mombasa tena?