"Nipo Mafiati" na bado uko Uyole: huu uongo wa nini?

Mwenye nyumba Soweto: Jana hapa Mbeya mjini fundi bomba kanambia "nipo Mafiati bosi, dakika tano". Nyuma yake nasikia konda anaita "Uyole! Uyole!" Nimekaa na ndoo chini ya koki masaa matatu mazima. Angesema nachelewa ningemuua? Kwa nini tunadanganyana vitu vidogo hivi?

Mbishi wa Sae: Akisema ukweli unamwita mwingine, hela imekwenda. Ni kama wauza mchele wa Mwanjelwa, kila gunia kwao ni Kyela, hata lililotoka Ubaruku kule Mbarali.

Mwana Mbarali: Simama hapo. "Hata" ya nini? Ubaruku ni jalala?

Ndaga fijo: Kaka usipanic. Ila wa Kyela ukichemka jirani anajua. Wenu mpaka utupie iliki.

Mwana Mbarali: Iliki mama yako! Kyela kawilaya kadogo hako, mchele wake unauzwa nchi nzima, mwaka mzima. Mnaulima mpaka ndani ya Ziwa Nyasa?

Ndaga fijo: Mama yangu kaingiaje? Futa hiyo.

Mama Kisado: Wanangu, mie nauza huo mchele. Mteja hata bei haulizi, anachota kiganjani, ananusa, "wa Kyela huu?" Nikimwambia wa Mbarali anaumwaga kama kashika kaa la moto, anahamia meza ya pili. Pale mchele ni huo huo, tulishushiwa na fuso moja. Anaambiwa Kyela, anapimiwa visado viwili, anashukuru. Hapo mwongo nani?

Mbishi wa Sae: Kwa hiyo mama unakiri.

Mama Kisado: Nakiri nini? Nimesema ya jirani. Ya kwangu umeyasikia wapi?

Mwana Mbarali: Shikamoo mama. Umeniponya.

Mama Kisado: Marahaba. Na ile ya iliki umwombe mwenzio radhi.

Mwana Mbarali: Ataanza yeye.

Mwenye nyumba Soweto: Jamani, fundi wangu!

Mbishi wa Sae: Kwani alifika?

Mwenye nyumba Soweto: Saa kumi jioni. Eti foleni ya malori Mlima Nyoka.

Mbishi wa Sae: Mlima Nyoka, kule nje ya mji ukishapita Uyole? Basi hata hiyo Uyole alikuwa hajafika, konda alikuwa anaita abiria wa kwenda huko!

Ndaga fijo: Na Mlima Nyoka ni njia ya kutokea Ubaruku. Muulize kama hakuwa na gunia la "Kyela".