Mrejesho: trauti wa Mlima Kenya wamekula

Wadau, niliuliza: sisi wa Malindi tuliozoea samaki wa baharini kama kolekole na nguru, tutumie chambo gani kwa trauti, samaki wa mito baridi ya Mlima Kenya? Mkanijibu nipindue mawe ya mtoni kwanza.

Nimepindua. Chini yake kulikuwa na viluwiluwi (wadudu wachanga wa majini) bapa vyenye mikia mitatu, na vingine vimejijengea vifuko vya punje za mchanga, vigumu kama saruji. Ajabu kweli! Nikafunga ndoana ndogo kwa uzi wa kahawia na unyoya ifanane na wadudu hao, nikaiacha ifuate mkondo karibu na chini bila kuivuta, maana mdudu halisi huchukuliwa tu na maji. Trauti akadaka. Kolekole hutaka chambo kivutwe mbio, huyu hapana.

Mzee uliyesema mawe, Mungu akuzidishie. Jioni wadudu wakishaota mbawa, mnafunga chambo kipi cha kuelea juu ya maji?