Mjadala: Tikal ilikuwa mji uliopangwa, au makazi holela yenye piramidi katikati?

Mleta hoja
Wakitajwa Wamaya, wale wenyeji wa kale wa Amerika ya Kati, watu hukimbilia piramidi. Mimi nauliza habari za mji wenyewe. Tikal, mji wao kwenye msitu wa Petén huko Guatemala, ilichorwa na wapimaji Carr na Hazard katika ramani ya 1961, kilomita za mraba 16. Katikati kuna viwanja vya sherehe na barabara pana zilizoinuliwa, hilo sibishi. Ukitoka hapo tu, nyumba zimetapakaa juu ya vilima na huoni mtaa hata mmoja ulionyooka. Mfalme alipanga kwake, wananchi wakajenga walipoona panafaa. Sisi tunaita makazi holela. Mnasemaje?

Mpima Mteremko
Mkuu, unatafuta mpango kwenye mitaa, Wamaya waliuweka kwenye mteremko. Tikal haina mto wala ziwa, na kuanzia Januari mvua hukatika kwa karibu miezi minne. Bila akiba ya maji, mji unahama.

Walifanya hivi: walichimba mawe ya kujengea kwenye korongo, korongo likazibwa kwa ukuta, likawa lambo. Viwanja vya juu vikasakafiwa kwa chokaa na kulazwa kidogo kuelekea huko. Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ya sakafu isiyonywa maji ni mita za ujazo 10. Mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka inakupa 15,000. Lambo la Ikulu, ukuta wake mita 80 kwa urefu na kama 10 kwa kimo, liliweza kushika takriban mita za ujazo 75,000. Hekta 5 za sakafu zinalijaza. Weka 7 kwa yale yanayopotea njiani. Na juu ya ukuta huohuo ilipita mojawapo ya barabara zako pana. Kitu kimoja, kazi mbili. Hilo halioti lenyewe.

Shida ya mfumo huu ni kwamba kila sakafu mpya ilimwagwa juu ya ile ya zamani. Fundi akikosea mlalo, maji yanatuama uwanjani badala ya kushuka lamboni.

Mleta hoja
Hayo bado ni ya katikati. Mimi nauliza juu ya mwananchi.

Fundi wa Nyua
Mwananchi anajulikana. Nyumba mbili, tatu, nne zinazunguka ua mmoja, kila moja juu ya jukwaa lake la mawe, na wazee wa ukoo wamezikwa chini ya sakafu. Kwenye nyua nyingi za Tikal, upande wa mashariki una kijengo kidogo cha mraba, kirefu kuliko vingine: hapo ni pa ibada na makaburi. Mpangilio unajirudia ua kwa ua. Watu hawarudii kitu hivyo kwa bahati.

Nafasi kati ya nyua unayoiona tupu ilikuwa bustani na miti ya matunda. Mabonde, ambayo hufurika kila masika, yaliachwa bila nyumba. (Kuna majiji ya leo yameshindwa hilo la mwisho, lakini tusitoke nje ya mada.)

Pita Caracol, mji mwingine wa Wamaya huko Belize, uone sura nyingine. Upimaji wa leza kutoka kwenye ndege mwaka 2009 ulifunua kilomita za mraba 200: matuta ya kilimo yamefunika milima, nyumba ziko katikati ya mashamba, na barabara kutoka vituo vya pembeni zote zinaelekea katikati ya mji. Shamba lilikuwa ndani ya mji.

Mistari Minyoofu
Anayetaka mitaa ya mraba aende Nixtun-Ch'ich', mji wa Wamaya kwenye rasi ya Ziwa Petén Itzá, Petén hukohuko. Mwanaakiolojia Prudence Rice na wenzake wameonyesha mitaa inayokatana kama ubao wa drafti, iliyowekwa karne kadhaa kabla ya Kristo. Kwa hiyo Wamaya waliujua mstari ulionyooka mapema kabisa. Mayapán ya baadaye, mji wao huko Mexico, yenye ukuta wa kama kilomita 9 na nyumba zilizobanana, haikuutumia. Kunyooka lilikuwa chaguo tu.

Mla Chumvi
Mnasifia mno mteremko. Sakafu inayokusanya maji yote hukusanya na uchafu wote. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walitoa matokeo ya tope la malambo ya Tikal. Malambo ya Ikulu na ya Hekalu yalikuwa na zebaki nyingi pamoja na athari za bakteria wa kijani-bluu wanaotoa sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Zebaki ilitoka kwenye sinabari, madini yenye zebaki ndani yaliyotumika kama rangi nyekundu ya majengo: mvua inapiga ukuta, rangi inashuka na maji. Fosfeti ya mabaki ya jikoni ikawarutubisha bakteria. Karne ya tisa ukame ulipobana, maji ya ikulu ndiyo yalikuwa mabaya zaidi. Mpango ulikuwepo, na ulifanya kazi hadi ukamnywesha mfalme sumu.

Mleta hoja
Basi nasogea nusu. Ila nieleze hili: lambo la Corriental, palepale Tikal, lilikuwa na chujio la mchanga wa kwazi na zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo vinavyonasa uchafu), vilivyoletwa kutoka kama kilomita 30, na maji yake hayakuoza hivyo. Walikuwa na dawa mkononi. Kwa nini hawakuiweka Ikulu?

Mpima Mteremko
Nadhani yangu, kama mtu wa mitaro: chujio linataka maji yapite mlango mmoja, polepole. Lambo la Ikulu limezungukwa na sakafu na kuta, maji yanaingia kila upande. Ungeweka chujio wapi?

Mla Chumvi
Ungeanza kwa kuacha kupaka rangi.