Brighton Rock: filamu ya 1948, ya 2010, au riwaya kwanza?

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, nataka kuifahamu vizuri hadithi ya Pinkie Brown, kijana wa miaka 17 anayeongoza genge la wahalifu katika mji wa pwani wa Brighton, Uingereza, ambaye anamwoa Rose, mhudumu wa mkahawa, ili asije akatoa ushahidi wa mauaji dhidi yake. Riwaya ya Graham Greene ilitoka mwaka 1938. John Boulting aliongoza filamu ya kwanza, na Rowan Joffe ile ya 2010. Mwisho wake nimekwisha kusimuliwa, kwa hiyo msisite kuujadili. Nianze na ipi?

Mzee wa Senema
Anza na ya 1948. Richard Attenborough alikuwa amekwisha kumwigiza Pinkie jukwaani London mwaka 1943, na uzoefu huo unaonekana, kwa maana hahitaji kupaza sauti ili atishe. Mtazame anavyochezea uzi vidoleni, akiufuma na kuufumua bila kupepesa macho, huku wanaume wenye umri wa kumzaa wakingoja atamke neno.

Bint Kisiwandui
Shikamoo Mzee wangu. Kwa heshima zote, ya 2010 isidharauliwe. Joffe ameihamishia hadithi mwaka 1964, mwaka ambao Uingereza iliwanyonga wafungwa wake wa mwisho, na ambao vijana wa Mods na Rockers, makundi mawili hasimu, walipigana katika miji ya pwani. Kwa hiyo kitanzi bado kinamngoja Pinkie, ingawa rika lake lote limekwisha kuasi. Tena Ida, mwanamke anayemwandama Pinkie kwa ajili ya mauaji hayo, na anayeigizwa na Helen Mirren, ndiye msimamizi wa mkahawa anamofanya kazi Rose, hivyo ana sababu ya karibu ya kumhangaikia binti huyo.

Msomaji
Mimi nasema riwaya kwanza, na sababu yangu ni santuri. Rose anamwomba Pinkie amrekodie sauti yake kwenye kibanda cha kurekodia santuri, naye anarekodi maneno ya chuki tupu. Katika riwaya, Pinkie akishakufa, Greene anamwacha Rose akielekea nyumbani kuisikiliza, na msomaji anajua kinachomngoja. Katika filamu ya 1948, ambayo Greene mwenyewe aliandika mswada wake pamoja na Terence Rattigan, sindano inakwama mahali Pinkie anaposema “nakupenda”, ikarudia hapo hapo, kisha kamera inasogea hadi kwenye msalaba ukutani. Joffe naye amefuata njia hiyo ya santuri kukwama. Ukianza na filamu yoyote kati ya hizo, utapewa faraja ambayo kitabu kinakunyima.

Mzee wa Senema
Marahaba, binti yangu. Ndugu Msomaji, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Pinkie anajaribu kuiharibu santuri ile asiweze kuimaliza, na maneno ya chuki yangali yamo, mbele kidogo tu ya mkwaruzo. Siku Rose atakapoisukuma sindano, atayasikia yote. Mtazamaji makini anaondoka na hofu ile ile ya kitabuni.

Msomaji
Hoja yako ina uzito, Mzee, lakini inamhitaji mtazamaji ayafikirie yasiyoonyeshwa, ilhali riwaya haimwachii mtu nafasi ya kujidanganya.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Nitaanza na riwaya, kisha ya 1948, na ya Joffe itafuata.