Tupeane uzoefu: upanga au deraya yako ya kwanza ya RuneScape uliipataje?

Wakuu habari za jioni, wa Tanga mjini, wa Muheza, na nyie wa Bagamoyo mnaochungulia.

Jana mpwa wangu kaja na simu mkononi, kanuna. Kaanza RuneScape wiki hii, ile gemu ya mtandaoni, toleo la Old School. Kamaliza kisiwa cha mafunzo, katua Lumbridge, mji wa kuanzia, na vile tulivyopewa sote: upanga wa shaba nyeusi, ngao ya mbao, upinde mfupi na mishale 25. "Mjomba, wenzangu wamevaa deraya za buluu, mimi nazipata wapi?" Nikamwambia nenda kaue ng'ombe, uuze ngozi. Akaniona namtania.

Basi leteni visa vyenu, nimsomee. Nataka yaliyokukuta mwenyewe, maelekezo ya kunakili anayo tele. Naanza.

Mimi nilianzia sehemu ya intaneti Ngamiani, nalipia kwa saa. Gemu ilipoingia kwenye simu Oktoba 2018 nikahamia na akaunti ile ile, lakini ile akili ya kuhesabu dakika haikunitoka. Zizi la ng'ombe liko ng'ambo ya mto, kaskazini-mashariki ya kasri la Lumbridge. Nikaona kitu: wakubwa wanaofanyia mazoezi pale hawaokoti ngozi. Wanaua, wanaacha, wanasonga. Ukisubiri kidogo ngozi inaonekana kwa kila mtu. Kwa hiyo sikuua hata ndama. Nilikuwa naokota nyuma yao, kama watoto wanaofuata gari la machungwa ya Muheza likipita kwenye matuta. Mkoba unabeba vitu 28, ukijaa napanda benki, ghorofa ya juu ya kasri, narudi. Siku tatu hivyo.

Zikauzwa. Sasa ujinga wangu: hela yote nikanunua deraya ya mithrili, madini ya mle mle kwenye gemu, kofia mpaka miguu. Kuvaa, inagoma. Mithrili inataka difensi, yaani kujikinga, levo 20, mimi ninayo 1! Nikaiweka benki nikawa naiangalia tu, kama suti ya harusi ya mtu mwingine. Ng'ombe niliwaua baadaye, na upanga ule ule wa shaba nyeusi.

Haya, nani anafuata?

Wa Makorora
Mie fundi cherehani, kwa hiyo nilipoona ngozi nikasema hapa nimefika kwetu. Ukizipeleka mji wa Al Kharid yuko mtu anazilainisha, sarafu moja kwa kila ngozi. Ukawa na sindano na uzi, unashona. Levo 1 unaanza na glovu, ya 7 viatu, mpaka levo 14 ndiyo unashona vazi la kifuani. Nilichoka kucheka, fundi gani anakata bila kupima kiuno cha mtu!

Nikavaa nilivyoshona mwenyewe na raha yake siwezi kuwaeleza. Ila biashara haikuwepo. Nguo iliyokwisha kushonwa inauzwa chini ya ngozi yenyewe, maana kila mgeni anashona apate levo, soko limejaa glovu. Ufundi haulipi hapa Makorora, na kule nako haulipi.

Wa Raskazone
Ng'ombe wa nini jamani. Mwambie dogo akamuue yule mnyonya damu wa kijiji cha Draynor. Kwesti ile, yaani kazi unayopewa, inatoa pointi 4,825 za ataki, za kushambulia. Levo 20 inahitaji 4,470. Maana yake unaingia hujui kushika panga, unatoka unabeba la mithrili, na la mithrili lililopinda linauzwa dukani kwa Zeke, Al Kharid, huhitaji kusubiri mtu.

Kisa changu: kigingi cha kumchomea unakipata kwa mzee mmoja mlevi kule mji wa Varrock, na hakupi mpaka umnunulie bia. Ilikuwa Ramadhani, mchana, nimekaa barazani kwa bibi. Nikaona haya mwenyewe, nikafunga simu, bia nikaja kuinunua baada ya futari. Halafu nikashuka kwenye handaki na kigingi, kitunguu saumu cha kumdhoofisha, samaki wa kula. Nyundo nimesahau! Bila nyundo hamalizwi. Nikarudi mpaka duka la Lumbridge. Nyundo yenyewe bei ya bure, miguu ndiyo iliyoniuma.

Wa Mabawa
Deraya zangu ziko ng'ambo ya mtaro wa Edgeville. Msiniulize.

Mwenye uzi
Pole yakhe 😂 Kwa wageni: ukivuka ule mtaro wachezaji wanaweza kukuua, na ukifa unabaki na vitu vitatu vya thamani zaidi. Ukiwa umeanza ugomvi wewe ukapata fuvu kichwani, hubaki na kitu. Wa Mabawa tunamjua, ndiye anayeanza.

Wa Muheza
Mimi soko kuu la Varrock lilinikaa kichwani siku ya kwanza, maana nyumbani tunauza machungwa. Msimu ukichanganya, chungwa halina bei. Ukifika mwisho wa msimu kila mtu analitafuta. Asiyelipia gemu ana nafasi tatu tu za kuweka oda ya kununua au kuuza, na wageni wengi wanazimaliza kwa pupa: wanabonyeza bei ya juu ili wapate sasa hivi.

Mimi naweka ya chini, nafunga simu, nalala. Oda inafanya kazi hata usipokuwepo. Asubuhi naamka nakuta nusu imejaa, wakati mwingine hakuna kitu, naongeza kidogo. Deraya yangu yote ya feleji niliipata hivyo, kipande kimoja kimoja, sikupigana na mtu. (Feleji! Bibi alivyosikia neno hilo kwenye gemu akaniuliza nasoma tenzi gani.)

Wa Bagamoyo
Ngoja niwape la aibu. Mimi nilikuwa na ile deraya ya buluu, ya madini ya runi, wiki ya kwanza. Tajiri mmoja aliyekuwa anaacha gemu alinigawia nikiwa nimesimama sokoni. Levo 40 sina, siwezi kuivaa, lakini ninayo.

Haikupita saa moja. Akaja mwingine, mstaarabu, ananiita ndugu. Ananiambia hizi zinatiwa nakshi ya dhahabu pembeni, yeye fundi, bure. Dirisha la kubadilishana likafunguka, nikakubali. Likaja la pili kuniuliza una uhakika? Ndiyo, nina uhakika. Akapotea na nakshi zake. Hakuna fundi wa nakshi kule, zile deraya za nakshi hutoka kwenye masanduku ya kutafuta hazina basi. Sisi wa pwani tunajiona wajanja, nimeingizwa mjini nikiwa Dunda, kibarazani kwetu.

Mwenye uzi
Ndiyo maana sipendi kumgawia mgeni. Cha bure hakikai.

Wa Chumbageni
Hapo napinga kaka. Mimi nilipewa jambia la runi na mtu nisiyemjua, akaniambia fika levo 40 kwanza. Nikaliweka benki, nikapiga mazoezi kwa ajili yake. Bila lile ningeacha gemu siku ya pili. Tatizo la wa Bagamoyo ni ulimi wa yule tapeli, msimlaumu aliyetoa.

Mwenye uzi
Sawa, hapo umenishika. Lakini wewe ulipewa kimoja na sharti juu.

Wa Sahare
Mbona hakuna aliyetaja lile handaki la Kijiji cha Washenzi? Sakafu nne. Milango inakuuliza maswali ya usalama wa akaunti: mtu akikuomba neno la siri ufanyeje. Ukijibu unapita, na jumla unatoka na sarafu 10,000 na viatu. Mgeni akimbie tu, asipigane na majitu ya chini kule, yatamla. Wa Bagamoyo ungeanzia pale.

Wa Bagamoyo
Niliambiwa baadaye 😭

Mwenye uzi
Nimemsomea mpwa. Kaenda handakini, kafa mara mbili, katoka na 10,000 zake na viatu vya rangi rangi anavyovionea fahari kuliko kitu chochote. Kaniuliza anunue nini. Nimemwambia jambia la feleji, linataka ataki levo 5, zilizobaki anunue samaki wa kula. Deraya asubiri.

Kanunua kofia.

Leo saa tatu usiku tuko zizini Lumbridge, mimi na yeye. Anayekuja aje, ngozi tunawaachia wageni. Bando kila mtu na lake.