Tupeane uzoefu: mashine yako ya kwanza ya gemu uliiunga vipi kwa pesa ya mawazo?

Kiberenge
Wakuu, kwema? Jana dogo wa nyumba ya pili kanifuata na laki nane, pesa ya kibarua, anataka kuunga kompyuta ya gemu. Namwandikia vitu kwenye karatasi nikajikuta nacheka peke yangu. Nimekumbuka mara ya kwanza naingia Aggrey pale Kariakoo na bahasha kwapani, kila duka "hii ndiyo yenyewe bro, inapiga gemu zote". Uliza inatoa fremu ngapi, muuzaji anamwita mwenzake.

Mimi nilianzia kwenye Dell OptiPlex 9020 ile ya mnara, prosesa i5-4570, RAM GB 8 za DDR3. Nikachomekea kadi ya picha, GTX 1050 Ti, isiyo na tundu la waya wa umeme, maana inakula wati 75 tu na zote inazivuta kwenye sloti. Pawa saplai ya mashine ile ni wati 290, waya wa kadi haina, na kubadilisha si kirahisi kwa sababu soketi yake kwenye madabodi ina pini 8 badala ya 24 za kawaida. GTA V ilitembea bila kelele.

Haya, tujazane. Ulinunua nini, ulipigwa wapi, na laki nane ingekuwa yako leo ungeanza na kipi?

Mzee wa Sloti
Nimekaa paleee, waje wataalamu.

Mwana wa Ngamiani
Umetonesha kidonda mkuu.

Niko chuo mwaka wa pili, bumu limeingia, hostel nzima inajua mwana anaenda kununua kadi. Nikaingia duka moja, jina lake naliacha, nikakuta GTX 1050 Ti GB 4, boksi linang'aa, imefungwa kwenye nailoni ya fedha. Bei imeshuka laki nzima kuliko duka la jirani. Nauliza kwa nini, naambiwa "ofa ya mwisho wa mwezi". Nikalipa chapuchapu kabla ofa haijaisha.

Nachomeka usiku, picha inatoka, gemu inafunguka, baada ya dakika kumi skrini inakata. Nazima nawasha, hivyohivyo. Jamaa wa chumba cha pili akaja na flashi yenye GPU-Z, programu ya kusoma kadi, tukafungua. Mwanzo wa jina imeandikwa FAKE kwenye mabano. Kumbe ndani ni GTX 550 Ti, kadi ya 2011, wameipandishia biosi (programu ya ndani ya kifaa) ya uongo ijiite 1050 Ti. Na dalili ilikuwa nje nje: ina tundu la bluu la VGA, lile la skrini za zamani. 1050 Ti ya kweli haitoi VGA kabisa, familia nzima ya GTX 10 haina.

Kurudi dukani, nakuta kijana mwingine. Ananionyesha risiti yangu mwenyewe, chini maandishi madogo: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikauliza yule wa jana yuko wapi. "Kasafiri." Usiku mmoja, mtu kasafiri! Nilikula ugali na chumvi mpaka semesta inaisha, na ile kadi ninayo hadi leo, nazuilia mlango.

Bi Dada wa Mabibo
Hilo tundu la bluu wakuu, likaririni. Na mimi wameniliza hapohapo.

Jamaa wa Luthuli
Poleni ndugu zangu wa Bongo. Huku Nairobi nilikutana na nyingine. RX 580 GB 8, bei poa, muuzaji anaapa ni 580 halisi. Ukiisoma vizuri ni lile toleo la 2048SP la Uchina, ambalo kwa ndani ni karibu sawa na RX 570. Inafanya kazi lakini bei iwe ya 570. Kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni mimi naziogopa pia. Sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, mizigo yote ile ilikuja kumwagwa kwetu.

Mchumi Tumbo
Wewe wa Luthuli acha kutisha watu. Kadi ya mchimbaji imekaa kwenye joto moja mchana na usiku, haipandi haishuki. Ya mchezaji ndiyo inapashwa na kupoa kila siku. Yangu ya mchimbaji, badilisha pesti ya kupoozea, safisha feni, inadunda.

Jamaa wa Luthuli
Na zile feni zake? Na memori? Yako inadunda, za wenzako wanne ziko kwa fundi.

Mchumi Tumbo
Unazijua za wenzangu? Hata hivyo mnapoteza muda. Laki nane nunua PS4 na pedi mbili, chenji inabaki ya kula chipsi kuku.

Kiberenge
PS4 utaandikia CV?

Mchumi Tumbo
CV ya nini, ajira zenyewe zipo?

Shemeji wa Kimara
Mnalia na kadi feki. Tulieni niwape yangu.

Mashine nilishaipanga yote. Madabodi ya A320, Ryzen 3 3200G, RAM mbili, boksi lenye kioo ubavuni na feni za rangirangi. Imebaki pawa saplai na pesa imekata. Fundi wa mtaani akaniletea moja aliyoitoa kwenye mashine iliyokuja kutoka Marekani. Nzito kweli. Akasema pawa saplai nzito ndiyo nzuri, na kwa hilo hakudanganya.

Sasa siku ya kuwasha, mama mkwe kaja kutoka Rombo, mara yake ya kwanza kulala kwetu. Yupo sebuleni anamenya ndizi. Wife anasema hayo mambo yenu pelekeni chumbani, mimi nasema hapana, mama naye aone kijana wake anavyounga kompyuta. Nataka sifa.

Fundi kachomeka ukutani, akabonyeza swichi ya nyuma. Hata ya mbele hatujaigusa. PAAA! Mwanga, moshi, umeme umeruka nyumba nzima, giza. Halafu vinashuka vijikaratasi vyeupe kutoka hewani, ni matumbo ya kapasita, vingine vimenasa kwenye pazia. Mama mkwe kajua ni mtungi wa gesi. Katoka na kisu mkononi, kanga imebaki kwenye kochi, yowe lote la Kichaga. Majirani wanaona bibi anakimbia na kisu, nyumba inafuka moshi. Mmoja hakuuliza, kapitisha ndoo nzima ya maji dirishani, ikatua juu ya boksi langu la kioo.

Kiherehere kikapoa, tukapapasa na tochi ya simu. Fundi akanyanyua ile pawa saplai, akaigeuza mgongo. Kuna kaswichi kekundu, kamekaa kwenye 115. Akatoa bisibisi, akakasogeza taratiiibu kwenda 230, akijua sijamwona.

Mzee wa Sloti
Pale nilipokuwa nimekaa nimeanguka.

Bi Dada wa Mabibo
Mama mkwe alirudi ndani?

Shemeji wa Kimara
Alilala kwa jirani. Alfajiri akadai basi.

Mwana wa Ngamiani
Wa ndoo ndiye kaniua. Hata kuuliza hajauliza!

Fundi Asiye na Duka
Kwa wasioelewa kilichotokea: pawa saplai zenye kaswichi kale, kakiwa kwenye 115 sakiti yake inazidisha volti mara mbili. Ukiilisha umeme wetu wa 230, kapasita za volti 200 zinajikuta na zaidi ya 300 kila moja. Lazima zipasuke. Zenye PFC hai (sakiti inayorekebisha mvuto wa umeme) hazina kaswichi, zinajipima zenyewe kuanzia 100 hadi 240. Ndiyo maana nawaambia watu kila siku, pawa saplai msibane. Ile nyepesi iliyobandikwa "wati 500" bila nembo ya 80 Plus, ile ya kutopoteza umeme, iacheni hukohuko dukani.

Mchumi Tumbo
Nyepesi nimeitumia miaka yote hiyo.

Fundi Asiye na Duka
Nakusubiri.

Jamaa wa Luthuli
Swali ni moja, fundi alilipa?

Shemeji wa Kimara
Alinidai hela ya ufundi.

Kiberenge
Wakuu, hahaha, lakini dogo wa watu anasubiri jibu.

Jamaa wa Luthuli
Ryzen 5 5600G, prosesa yenye grafiki ndani, kadi asinunue kwanza. Aweke RAM mbili za GB 8, siyo moja ya 16, kwa sababu grafiki ya ndani inakopa RAM, na njia mbili zinampa fremu nyingi zaidi. Madabodi ikiwa B450 ya zamani aulize kama biosi imesasishwa, la sivyo prosesa haitatambulika.

Fundi Asiye na Duka
Kwa laki nane? RAM ilivyopanda? Hapo kapata prosesa, madabodi na stori. Achukue OptiPlex au HP ya mtumba yenye i5-8500, aongeze GTX 1650 isiyo na waya, wati 75, na SSD. Ila apime boksi kwanza. Yale mashine membamba yanataka kadi fupi za nusu kimo, na muuzaji hatakwambia.

Mwana wa Ngamiani
Kwa nini hiyo i5-8500, gen (kizazi) ya nane? Ya nne bei nusu, Kiberenge si kapiga GTA?

Fundi Asiye na Duka
GTA ya 2013. Windows 10 Microsoft wameiacha Oktoba 2025, na gemu ya Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama. Gen ya nne hapo haipiti. Ya tatu ndiyo kabisa, haina AVX2 (maagizo ya prosesa za baadaye), kuna gemu mpya hata kufunguka hazifunguki.

Mchumi Tumbo
PS4 haina AVX2 wala TPM, unaweka diski unacheza.

Bi Dada wa Mabibo
Na asinunue prosesa ya Intel yenye F mwishoni halafu akose kadi, skrini itakuwa nyeusi tii. Akichukua Ryzen ya mtumba, kabla ya kuchomoa feni aiwashe ipate joto, halafu azungushe kidogo kushoto na kulia. Kaka yangu alivuta moja kwa moja, prosesa ikaja imegandia kwenye feni, pini zimelala upande. Nilizinyoosha mimi kwa wembe na miwani ya bibi, safu kwa safu. Ikawaka.

Mzee wa Sloti
Dada wewe ndiye fundi, Shemeji angekuita wewe.

Shemeji wa Kimara
Na mama mkwe angelala ndani.

Mwana wa Ngamiani
Shemeji, lile boksi la kioo bado lipo? Nina elfu sabini.

Shemeji wa Kimara
Lipo, kioo kizima, feni mbili haziwaki taa. Leta themanini, uje na gari.